Mti Mzee Uani: Mwongozo Kamili wa Kuamua Ukatwe, Upunguzwe au Uachwe

Watu hukosea jambo hili kwa njia mbili, na zote zina chanzo kimoja. Mmoja anaukata mti mzima, wenye miaka mingi mbele yake, kwa sababu umeinama na gome lake lina mabaka. Mwingine anauacha mti uliooza mizizi kwa sababu majani yake ni mabichi. Wote wawili wameanza kutazama juu.

Hapa tutaanza chini: kwanza kilicho kandokando ya mti, kisha mizizi, shina, matawi, na majani mwisho kabisa. Umri wenyewe hautaulizwa popote. Tunachotafuta ni sehemu ipi inaweza kuvunjika, na ikivunjika itamwangukia nani.

## Vitu vya kuandaa

- Futikamba. Ukikosa, kamba ndefu yenye fundo kila mita.
- Fimbo iliyonyooka.
- Timazi, au uzi wa mwashi uliofungwa jiwe mwishoni.
- Nyundo ya mpira au ya mbao. Ya chuma inachubua gome na sauti yake inadanganya.
- Bisibisi ndefu au chuma chembamba kisicho na makali.
- Kisu kidogo na jembe dogo.
- Darubini. Kama huna, simu inayoweza kuvuta picha kwa karibu inatosha.
- Daftari, penseli na rangi kidogo ya kuwekea alama.
- Kofia ngumu.

Chagua siku tulivu, na kama mvua kubwa inanyesha, subiri ikatike ndipo utoke. Kabla hujausogelea mti, simama mbali uukague wote kwa macho. Ukiona tawi lililovunjika likining'inia, au tawi lolote linalogusa waya wa umeme, usiende chini yake. Wafukuze watoto eneo hilo, na kama ni waya, lipigie simu shirika la umeme. Ukaguzi utaendelea wao wakishamaliza kazi yao.

## Hatua ya 1: Pima mti unaweza kufika wapi

Mti uliooza katikati ya uwanja mtupu haumdhuru mtu. Mti wenye kasoro ndogo juu ya chumba wanamolala watoto ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana tunapima kwanza eneo la kuangukia.

Nyoosha mkono, kisha kata fimbo iwe na urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yako. Ishike wima, sehemu yote ikiwa juu ya ngumi. Rudi nyuma taratibu kwenye ardhi tambarare hadi ncha ya fimbo ilingane na kilele cha mti na ngumi ilingane na kitako chake. Umbali kutoka uliposimama hadi kwenye shina ndio urefu wa mti, kwa makadirio mazuri tu.

Chora kwenye daftari duara lenye mti katikati na urefu huo ukiwa nusu kipenyo chake. Kama mti umekufa, panua duara kwa nusu ya urefu tena, maana matawi makavu yakigonga ardhi huvunjika vipande na kurukia mbali.

Sasa andika kila kilichomo ndani ya duara pamoja na muda ambao watu hukaa hapo. Chumba cha kulala kina watu usiku kucha. Njia ya kwenda getini hupitwa kwa sekunde chache. Banda la kuku linaweza kuhamishwa. Nyumba ya jirani haihamishiki. Usisahau waya, tangi la maji na sehemu ya kuegesha gari.

Umefanikiwa kama mtu mwingine akiuona mchoro wako anaweza kukuambia papo hapo upande gani mti usithubutu kuangukia.

## Hatua ya 2: Kagua mizizi na kitako cha shina

Tumia muda wako mwingi hapa. Tawi likivunjika linaanguka tawi. Mizizi ikishindwa unaanguka mti wote, mara nyingi ukiwa na majani mabichi kabisa.

Shina zima hupanuka linapoingia ardhini, na unaona mabega ya mizizi mikubwa yakitawanyika pande zote. Likiingia moja kwa moja kama nguzo, kuna uwezekano mkubwa udongo uliongezwa juu ya mizizi wakati wa ujenzi au wa kusawazisha uwanja. Chimbua taratibu kwa jembe dogo hadi uyaone mabega. Mizizi iliyofunikwa hukosa hewa, na gome lililozikwa hukaa na unyevu hadi linaoza.

Kisha uliza historia ya ardhi yenyewe: kuna mtaro, msingi, bomba au ukuta uliochimbwa karibu? Mizizi mingi ya miti hutambaa karibu na uso wa ardhi, ndani ya mita moja ya juu, na husambaa kupita mwisho wa matawi. Kwa hiyo mtaro wa kina cha goti tu unaweza kuwa umekata nguzo za mti. Kipimo cha haraka: gawanya mzunguko wa shina kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kwa 3. Shina la kipenyo cha sentimita 60 lina eneo nyeti la mita 1.8 kutoka kwenye shina. Mizizi mikubwa iliyokatwa ndani ya eneo hilo ni sababu tosha ya kumwita mtaalamu, hata kama ilikatwa zamani na mti "haujaonyesha kitu". Mzizi uliokatwa huanza kuoza kuanzia palipokatwa, na uozo huo huchukua miaka kufika kwenye shina.

Zunguka kitako ukitafuta mambo haya:

- Uyoga mgumu uliobandika kwenye kitako au mizizi, ulio bapa kama rafu. Hii ni moja ya dalili nzito kuliko zote. Uyoga ni tunda tu. Kuvu chenyewe kiko ndani ya mbao kikizila, na huwa kimekaa humo muda mrefu kabla ya tunda kutokea. Kuung'oa uyoga hakuondoi ugonjwa, kunakunyima ushahidi. Upige picha.
- Mbao laini. Dunga mizizi na kitako kwa bisibisi bila kutumia nguvu nyingi. Mbao nzima hukataa. Ikizama kama kwenye keki, weka alama hapo na uendelee kuzunguka ujue uozo umefika wapi.
- Mchwa. Njia zao za udongo juu ya gome hazithibitishi kwamba mti unakufa. Aina nyingi hula gome na mbao zilizokwisha kufa. Lakini zifuate uone zinaelekea wapi, kwa sababu mara nyingi zitakuonyesha sehemu iliyooza.

Mabaka ya kijivu au ya kijani yanayoota kwenye gome si ugonjwa. Ni viumbe vinavyojishikiza tu, havinyonyi mti. Miti mingi imehukumiwa bure kwa sababu ya mabaka hayo.

## Hatua ya 3: Uulize mwinamo ni wa zamani au mpya

Mti ulioinama tangu utotoni ukifuata mwanga hujipinda kurudi juu, na huongeza mbao na mizizi kulingana na mzigo wake. Unaweza kusimama hivyo maisha yake yote. Mwinamo mpya una sura tofauti: shina limenyooka lakini limelala lote kwa pamoja, na upande wa pili udongo umeinuka au umepasuka.

Udongo ulioinuka ukiambatana na mwinamo mpya unamaliza mjadala. Ondoa watu kwenye eneo la kuangukia leo hii na umwite fundi wa miti. Usijaribu kuuvuta urudi wima kwa gari, wala kuufunga kamba kwenye ukuta wa nyumba.

Kama huna uhakika, pima. Weka alama ya rangi kwenye shina kwa urefu wa mita 2, upande ambao mti umeinamia. Ninginiza timazi kutoka hapo hadi karibu na ardhi, kisha pima umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye shina chini. Andika namba na tarehe. Rudia kila mwezi, na kila baada ya upepo mkali. Namba isipobadilika, mti umetulia. Ikiongezeka, mizizi inaachia.

## Hatua ya 4: Lisikilize shina

Zunguka shina ukigonga kwa nyundo kila baada ya kiganja kimoja, kutoka chini hadi unapofika mkono. Mbao nzima hutoa sauti fupi, kavu. Uwazi hutoa mvumo. Kwanza gonga sehemu unayoamini ni nzima ili sikio lipate la kulinganishia. Gome nene au lililobanduka linaweza kuiga sauti ya uwazi, kwa hiyo hukumu kwa eneo, usihukumu kwa pigo moja.

Ukikuta uwazi, usikimbilie msumeno. Sehemu hai ya shina ni tabaka la nje. Kiini cha katikati ni mbao iliyokwisha kufa ambayo kazi yake ni kubeba tu. Ndiyo maana mti wenye pango ndani unaweza kustawi kwa majani na matunda. Swali ni ukuta uliobaki una unene gani.

Mwanasayansi wa Ujerumani Claus Mattheck alichunguza miti yenye uwazi iliyovunjika na iliyosimama, akaona kwamba hatari hupanda sana pale ukuta mzima, yaani wa mbao isiyooza, unapokuwa mwembamba kuliko takriban theluthi moja ya nusu kipenyo. Shina lenye mzunguko wa sentimita 188 lina kipenyo cha 60 na nusu kipenyo cha 30, hivyo ukuta mzima wa pungufu ya sentimita 10 ni wa kutia wasiwasi. Kama pango lina mdomo mpana ubavuni, hesabu hiyo ni ya ukarimu mno. Shina lililofunguka hupoteza nguvu haraka zaidi. Kinyume chake, mti mfupi wenye shina nene unaweza kuhimili ukuta mwembamba zaidi. Ichukue kama taa ya onyo. Hukumu kamili inahitaji mtaalamu mwenye vifaa vya kupima ndani.

Unaweza kuingiza chuma chembamba kupitia mdomo wa pango upime kina chake. Usitoboe matundu mapya kwa mashine. Mtafiti wa Marekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti ili aione kwa ndani, alionyesha kuanzia miaka ya 1970 kwamba mti hauponyi mbao iliyooza. Huizungushia kuta za kuizuia isienee. Tundu lako linavunja kuta hizo, na vivyo hivyo kukwangua uozo hadi kwenye mbao nzima.

Usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta haufai hapa. Saruji ndani ya pango haiongezi nguvu: mti hupepea, saruji haipepei, na msuguano wa viwili hivyo huongeza jeraha na kuhifadhi unyevu. Siku mti ukija kukatwa, saruji hiyo itaharibu msumeno na huenda ikamjeruhi mkataji.

Nyufa nazo zina daraja. Ufa wa gome peke yake kwa kawaida ni wa ukuaji. Ufa unaoingia kwenye mbao, weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe, uone kama unarefuka. Ufa unaoonekana pande mbili za shina kwa usawa mmoja, au unaofunguka na kufunga upepo ukivuma, hausubiri alama.

## Hatua ya 5: Panda na matawi makubwa

Tazama kila panda, pale shina linapogawanyika. Panda pana yenye mgongo wa gome ulioinuka katikati imeshikana kwa mbao. Panda nyembamba ambayo gome limeingia ndani na kubanwa katikati haikushikana. Vigogo viwili vimeegemeana tu, na kadiri vinavyonenepa ndivyo vinavyosukumana. Ikiwa chini ya panda ya namna hiyo kuna ufa, au pembeni kuna uvimbe unaotokeza kama masikio, ihesabu kuwa imeanza kupasuka.

Kwa darubini, tafuta matawi makavu. Tawi kavu la unene wa kifundo cha mkono likianguka kutoka juu linaweza kuua. Tawi refu lenye majani yote mwishoni nalo ni la kuandikwa. Miti mingine hudondosha matawi mabichi siku za joto zisizo na upepo wowote, kwa hiyo benchi na bembea hazina sababu ya kuwa chini ya tawi kama hilo.

Angalia pia kama mti uliwahi kukatwa kichwa. Matawi yaliyochipua baada ya hapo hutoka kwenye tabaka la nje tu la shina, yanakua mbio, na nyuma yake pale palipokatwa kuna uozo. Miti iliyokatwa kichwa "ili iwe salama" ndiyo hunipa wasiwasi kuliko ile iliyoachwa.

## Hatua ya 6: Sasa tazama majani

Majani hukuambia kama maji yanapanda. Kuhusu nguvu ya mbao hayasemi lolote. Linganisha mti wako na mwingine wa aina hiyohiyo ulio karibu: majani ni madogo zaidi? Yamepukutika wakati mwenzake bado anayo? Ncha za juu zimekauka huku machipukizi yakijazana shinani? Hizo ni dalili za mizizi iliyoelemewa, na zinakurudisha Hatua ya 2.

Tawi lisilo na majani likikutia shaka, kwangua gome lake kidogo kwa kisu. Kijani chenye unyevu ni uhai. Kahawia kavu ni kifo. Jaribu sehemu tatu au nne. Kwa kawaida, mti uliokauka zaidi ya nusu ya matawi yake hauna njia ya kurudi.

### Minazi na jamii yake

Kukwangua hakufai kwa mnazi wala mtende, kwa sababu hauna tabaka la kijani chini ya gome na jeraha la shina lake halizibi kamwe. Uhai wake uko kwenye chipukizi moja kileleni. Kuti changa la katikati likioza au likivutika kirahisi, mnazi umekwisha hata kama makuti ya chini bado ni mabichi. Uyoga mgumu kwenye kitako cha mnazi hauna dawa; panga kuukata.

## Hatua ya 7: Fanya uamuzi

Weka mchoro wa Hatua ya 1 na maandishi yako mbele yako. Jiulize: kasoro gani inaweza kushindwa, itafika wapi, na nani yupo hapo?

Ondoa watu leo, mti ukatwe haraka iwezekanavyo: mwinamo mpya wenye udongo ulioinuka; ufa unaopita shina au unaochezacheza; mti uliokufa ukielekea nyumba au njia.

Panga kuukata: uyoga wa kuozesha kitako na kuna watu ndani ya duara, ukuta wa shina mwembamba kuliko theluthi, mizizi iliyooza au kukatwa upande mzima, zaidi ya nusu ya matawi yamekauka. Usiahirishe sana, kwani mbao iliyokufa hukauka na kuvunjika ovyo, na fundi hawezi tena kuupanda. Kazi inakuwa ngumu na ya hatari zaidi.

Punguza: kasoro ziko kwenye matawi, na mizizi na shina ni vizima. Toa makavu, fupisha tawi lililoelemewa. Usikubali kuondolewa zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mara moja. Mti mzee huvumilia pungufu ya hapo. Panda dhaifu inaweza kufungwa waya wa chuma juu na mtaalamu, na waya huo lazima ukaguliwe kila mwaka.

Hamisha kilicho chini: njia rahisi kuliko zote na inayosahaulika kuliko zote. Hamisha benchi, gari, bembea, banda.

Acha ukifuatilia: kila kitu kizima, au eneo ni tupu. Rudia ukaguzi mara moja kwa mwaka na baada ya kila dhoruba.

Ukijikuta katikati, lipa mtu wa kukagua asiye na faida yoyote kwenye ukataji. Anayelipwa kwa kukata ataona miti ya kukata.

## Hatua ya 8: Kabla msumeno haujawashwa

Uliza mamlaka ya eneo lako kama kibali kinahitajika. Sehemu nyingi miti mikubwa ina ulinzi hata ikiwa ndani ya uwanja wako. Kama shina limekaa juu ya mpaka, pata maandishi ya jirani. Kagua pia viota, popo na nyuki. Fundi aliye juu ya mti hana pa kuwakimbilia nyuki.

Usiukate mwenyewe kama unafika nyumba au waya, kama umeinama sana, au kama shina limeoza. Hili la mwisho watu hulidharau. Anayeangusha mti huacha ukanda wa mbao ambao haujakatwa, na ukanda huo ndio unaouelekeza mti unapolala. Katika shina lililooza ukanda huo haupo, na mti unaanguka unakotaka wenyewe. Ngazi na msumeno wa mnyororo pia havipandi pamoja, hata kwa tawi dogo. Kaa mita 3 au zaidi kutoka kwenye waya wowote wa umeme, wewe na kifaa ulichoshika.

Kwa fundi, muulize atauangusha mzima au atashusha vipande, magogo yatakwenda wapi, na nani atalipa paa likivunjika. Akikushauri kukata kichwa badala ya kutoa mti, mshukuru umtafute mwingine.

Mti ukishalala, kiangalie kisiki kabla hakijafunikwa. Linganisha uozo uliopo na ulivyoandika baada ya kugonga. Mti wa pili utausoma vizuri zaidi. Kama ulikuwa na kuvu cha mizizi, ng'oa kisiki na mizizi mikubwa kadiri inavyowezekana, kwa sababu kuvu hicho kinaweza kuhamia jirani, na usipande aina ileile kwenye shimo hilo. Penye udongo wa mfinyanzi, muulize mhandisi kwanza kama mti ulikuwa mkubwa na uko karibu na msingi: udongo ambao mti ulikuwa ukiunyonya maji unaweza kuvimba ukishaachwa na kuinua sakafu. Na miti iliyokuwa imekingwa na huo uliotoka, ambayo sasa imepata upepo isiouzoea, ianzishie Hatua ya 1.